Kimea, Kinu na Mota: Tafakuri Kutoka Busibwabo

Wahenga walinena kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hiyo imedumu kama onyo kwa mwenye kusifiwa, wala hakuna haja ya kuipinga. Hata hivyo, ni nadra kwa mwenye kuitumia kuuliza kazi ya mgema ilikuwa na uzito gani kabla ya sifa kumfikia. Pombe huonekana inapotiwa kikombeni. Jasho lililoitangulia halionekani. Katika kata ya Busibwabo, si mbali na mji wa mpakani wa Busia, jasho hilo limekuwa la wanawake kwa vizazi vingi, na sehemu yake kubwa imedondoka juu ya jiwe la kusagia.

Busaa haipikwi kwa siku moja. Unga wa mahindi hukandwa kwa maji, ukafunikwa siku kadhaa hadi uchachuke, kisha hukaangwa juu ya bati pana lililotandazwa mekoni mpaka uwe na rangi ya kahawia na harufu ya mkate. Kwa upande wa pili huandaliwa kimea. Wimbi hulowekwa, likatandazwa na kufunikwa hadi lichipue vijimizizi, kisha likaanikwa juani. Mbegu inapochipua hujitengenezea vimeng'enya, na vimeng'enya hivyo ndivyo vinavyogeuza wanga kuwa sukari. Hamira nayo huigeuza sukari kuwa kileo. Kimea kisiposagwa, vimeng'enya hubaki vimefungiwa ndani ya punje na kazi yote huwa bure. Basi kusaga ndiko kunakoufungua mlango. Kwa majirani Wateso wa upande wa Malaba, wanaokunywa ajon kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja, kanuni ni ile ile: pasipo kimea kilichosagwa hapana pombe.

Mjane mmoja wa Busibwabo aliirithi kazi hiyo kutoka kwa mama mkwe wake. Jina lake halitatajwa hapa, kwa kuwa biashara yake haijapata kivuli kamili cha sheria. Kwa busaa aliwavisha watoto wanne na kuwalipia karo. Kila alipokaribia kupika, alipiga magoti mbele ya jiwe tangu alfajiri, akasaga gorogoro nne za kimea, na mchana bega lake la kulia likawa halinyanyuki hata kufikia kamba ya kuanikia nguo. Bega lilipozidi kuuma, jiwe lilihamia kwa bintiye wa kidato cha pili. Hapo ndipo jambo lilipokuwa zito. Binti alianza kukosa shule siku moja kila juma, kisha siku mbili, na karo iliyotokana na busaa ikawa inalipia kiti kisichokaliwa.

Msomaji huenda akauliza kwa nini kimea hakikupelekwa kwenye mashine ya posho sokoni. Kilipelekwa. Mwenye mashine alikipokea mara mbili, mara ya tatu akakikataa, na sababu zake hazikuwa za chuki. Kimea ambacho hakijakauka barabara huziba chekecheo la mashine ya nyundo. Unga wake mwekundu hubaki ndani, ukaingia katika mahindi ya mteja anayefuata. Zaidi ya hayo, baadhi ya wateja wake walikuwa walokole, nao hawakutaka ugali wa watoto wao unukie pombe. Mjane aliitikia kwa adabu, akajitwika gunia lake na kurejea nyumbani.

Mvutano huo una historia ndefu katika Magharibi mwa Kenya. Wamisionari wa Friends, yaani Wakweka, waliofika Kaimosi mwaka 1902, walikuja na Injili pamoja na ufundi, na miongoni mwa kazi zao ilikuwamo kusaga nafaka kwa nguvu za maji. Hao hao walihubiri kwamba muumini hapaswi kunywa pombe. Hivyo mkono uliompunguzia mwanamke mzigo wa kusaga unga wa ugali ulimwachia mzigo wa kusaga kimea, kwa hoja kwamba kimea hakistahili msaada. Mashine iliingia kijijini ikiwa tayari na maoni juu ya nafaka ipi ni njema.

Kifungua mimba wa mjane huyo alikuwa fundi wa baiskeli. Busia haina upungufu wa mafundi wa aina hiyo. Neno bodaboda lenyewe, ambalo leo linajulikana kote Afrika Mashariki, lilizaliwa katika mpaka huu, enzi ambapo vijana walivusha watu na mizigo kwa baiskeli kutoka kituo cha Kenya hadi kile cha Uganda. Pikipiki zilipoenea, mafundi wengi wa baiskeli walibaki na minyororo, magurudumu na fremu zisizo na wateja. Kijana huyo alinunua kinu cha mkono, kile cha chuma chenye sahani mbili zinazosagana, akakifunga kwenye fremu kuukuu na kukizungusha kwa pedali. Kilisaga, lakini punje za wimbi ni ndogo mno, na sahani sharti zikaribiane sana ili zisipite nzima. Kwa hiyo kinu kilikuwa kizito. Mtu mwenye afya anayepiga pedali kwa muda mrefu hutoa nguvu ya wati 75 hivi. Mzigo ulikuwa umetoka begani na kuhamia magotini, na magoti yalikuwa ya binti yule yule.

"Mama, kinu hiki kinataka mota," kijana alisema.

"Mota inakula nini, mwanangu?" mama aliuliza.

Lilikuwa swali la mtu aliyezoea kulisha kila kinachomfanyia kazi. Stima ilikuwa imefika kijijini kupitia mpango wa serikali ulioanzishwa mwaka 2015, ambao uliteremsha ada ya kuunganishiwa umeme kutoka shilingi 35,000 hadi shilingi 15,000. Mota iliyopatikana ilikuwa ya nguvu ya farasi mmoja, yaani takriban wati 750, sawa na wapiga pedali kumi. Tatizo lilikuwa mwendo wake. Mota ya namna hiyo huzunguka kama mara 1,440 kwa dakika, ilhali kinu cha mkono kilibuniwa kwa mkono wa binadamu. Kikizungushwa kasi mno, sahani hupata moto, huchakaa upesi na kumwaga vumbi la chuma ndani ya unga. Kijana alitia puli ya inchi 2 kwenye mota na puli ya inchi 16 kwenye kinu, akaziunganisha kwa mkanda. Kwa kuwa 16 ni mara nane ya 2, mizunguko 1,440 ilishuka hadi 180. Hesabu hiyo ya darasani ndiyo iliyotofautisha kinu na ajali.

Hata hivyo ajali ilibisha hodi. Siku ya majaribio, ncha ya leso ya mama ilipeperuka karibu na mkanda. Kijana aliuzima umeme kabla haijanaswa, na hakuna aliyeumia, lakini kazi ilisimamishwa siku mbili nzima. Ilipoanza tena, mkanda na puli zote zilikuwa zimefunikwa kwa sanduku la bati, swichi imewekwa mahali panapofikika kwa mkono wa kushoto, na fremu ya chuma imefungwa waya uliozamishwa ardhini. Wapo wanaoona mambo hayo kuwa mapambo. Jiwe la kusagia humchosha mtu. Mkanda usiofunikwa humkata vidole.

Yafaa kutaja kwamba si kila pombe hudai usagaji wa namna moja. Wale wanaojitengenezea bia ya shayiri majumbani huko Ulaya na Marekani, ambao nao hupenda kufunga mota kwenye vinu vyao, hawataki unga. Huipitisha shayiri kati ya mitaimbo miwili ya mviringo ili ipasuke tu, kwa maana kapi lake linahitajika baadaye liwe kichujio. Wimbi halina kapi la kutegemewa hivyo, na busaa huchujwa kwa gunia au chujio lililosukwa. Basi mpikaji wa Busibwabo husaga hadi unga, akauacha upoe kabla ya kuufunga, kwani unga wa moto ukifungiwa hutoka jasho na kuota ukungu. Ufundi wa kuigwa bila kuuliza sababu ungemharibia pombe.

Faida ilionekana mapema. Gorogoro nne zilizomaliza asubuhi nzima sasa zilisagwa kabla ya chai. Binti alirudi shuleni siku zote tano. Lakini faida ilipoonekana, watu wa kuigawa walionekana pia. Shemeji mmoja alishauri kwamba mashine yenye thamani hiyo yafaa isimamiwe na mwanamume. Ushauri huo ulitolewa kwa upole, na ndiyo maana ulihitaji kuangaliwa kwa makini. Historia ya Uingereza ina funzo hapa. Katika karne ya 14, upishi wa pombe katika vijiji vyake ulikuwa kwa sehemu kubwa kazi ya wanawake waliopika majumbani. Kadiri kazi ilivyodai mtaji, vyombo vikubwa na leseni, ndivyo ilivyowatoka, na kufikia karne ya 17 ilikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa wanaume. Hakuna aliyewafukuza kwa fimbo. Walipitwa na vyombo wasivyovimiliki.

Mjane hakuwa amesoma historia hiyo, lakini alikuwa na risiti. Mota ilinunuliwa kwa fedha za chama chake cha akina mama, na jina lililoandikwa ni lake. Alimjibu shemeji kwa heshima: "Shemeji, msimamizi yupo. Ukitaka kusagiwa, karibu."

Lipo swali gumu zaidi, nalo ni la wanywaji. Kinu chepesi huweza kuzaa pombe nyingi, na pombe nyingi huzaa nyumba zenye kilio. Busaa ni kileo chepesi kikilinganishwa na chang'aa, lakini mwenye kunywa tangu asubuhi hulewa vilevile. Sheria ya mwaka 2010 ya kudhibiti vileo ilifuta marufuku ya chang'aa, ikamtaka kila atengenezaye kileo cha kuuza awe na leseni, na chini ya ugatuzi utoaji wa leseni ni kazi ya kaunti. Masharti hayo ni rahisi kutimizwa na kiwanda kuliko jiko la kuni. Kadhalika usalama wa nafaka si jambo la mzaha. Mwaka 2004 sumukuvu katika mahindi iliwaua watu 125 mashariki mwa Kenya, na Machi 2021 Kenya ilizuia kwa siku chache mahindi ya Uganda na Tanzania kwa hofu ya sumu hiyo hiyo, malori yakakwama mpakani. Kuchachua hakuondoi sumukuvu yote. Mahindi yaliyoota ukungu hayafai kwa ugali wala kwa busaa.

Mjane hakuongeza idadi ya mapipa. Anapika mara moja kwa juma kama zamani, na saa zilizobaki kinu husaga muhogo mkavu, mtama na wimbi la uji kwa majirani, baada ya kusafishwa kwa brashi. Wamo hata walokole wawili. Katika daftari lake, binti huandika mapato ya uji ukurasa wa kushoto na ya busaa ukurasa wa kulia. Ukurasa wa kushoto bado ni mfupi, lakini unarefuka. Utakapoulingana ule wa kulia, mama ataweza kuchagua iwapo ataendelea kupika au la. Kwa mwanamke aliyepiga magoti mbele ya jiwe kwa miaka ishirini bila njia nyingine, kuweza kuchagua ni mali. Mota haikumfanyia uamuzi huo, wala haipaswi kumfanyia. Ilichompa ni muda wa kuufikiria akiwa amesimama wima.