Mzani wa Panya na Homa ya Mtoto

Swali ninaloulizwa zaidi na akina mama wa Kikula, hapa Likasi, halihusu kifaduro wala pepopunda. Linahusu homa. Mtoto wa wiki 6 amefika kituoni mzima, amechomwa pajani pentavalenti, chanjo inayobeba kinga ya kifaduro, dondakoo na pepopunda pamoja, na usiku mwili unawaka moto. "Papa, mulitia nini mu mutoto wangu?"

Wako wanaojibu: si kitu, itapita. Jibu hilo nimelikataa, na walionifundisha kulikataa ni watu wa maabara na panya wao.

Katika sindano ile, sehemu ya kifaduro ni bakteria mzima aliyeuawa. Ameuawa, ndiyo, lakini ukuta wake bado una kitu kinachochemsha mwili, na ile sumu aliyokuwa akiitengeneza haitoweki yote. Watengenezaji wanajua hivyo. Kwa hiyo chanjo hupimwa kwanza kwa panya wadogo, wa gramu 14 hadi 16. Wanachomwa tumboni nusu ya dozi ya mtoto, kisha wanawekwa kwenye mzani. Siku ya tatu, uzito wa kundi zima usiwe pungufu ya ule wa mwanzo. Siku ya saba, wawe wameongezeka angalau asilimia 60 ya walivyoongezeka wenzao wasiopewa chanjo. Panya aliyelemewa na sumu hali vizuri, hanenepi. Hana kinywa cha kulalamika, mzani unamsemea.

Kipimo hiki hakidai kwamba sumu imekwisha. Kinauliza imebaki kiasi gani, na kama mwili mdogo unakiweza kiasi hicho. Kwangu huo ni unyofu mkubwa kuliko wa wengi wetu tunaowatuliza wazazi. Tangu nilipouelewa, namwambia mama kabla ya sindano: usiku wa leo anaweza kuchemka, paja linaweza kuvimba, mnyonyeshe mara nyingi, usimfunike mablanketi, na akilia kwa muda wa saa tatu bila kunyamaza au akishikwa degedege, mlete hata usiku wa manane. Mama aliyeambiwa hivyo mapema hurudi wiki ya 10 bila kubembelezwa.

Dondakoo na pepopunda zina njia nyingine. Hapo sumu yenyewe ndiyo inayogeuzwa chanjo, kwa kuifisha na formalini, na mpimaji ni simbilisi, wale wale wanaofugwa majikoni kule Kivu. Anachomwa chini ya ngozi dozi 5 za binadamu au zaidi, kisha anaangaliwa wiki 3 kwa pepopunda na wiki 6 kwa dondakoo. Wiki 6 ni nyingi kwa kiwanda chenye haraka. Lakini mwaka 1948, huko Kyoto, Japani, chanjo ya dondakoo ilitolewa kabla formalini haijaimaliza sumu, na sampuli zilizopimwa hazikuionyesha hatari hiyo. Watoto zaidi ya 60 walikufa. Nikisoma habari hiyo, zile wiki 6 naona ni haki ya mtoto.

Wanyama hawa hawakuombwa ridhaa, na sitaki kulipita hilo haraka. Kwa sababu hiyo nilifurahi Shirika la Afya Duniani lilipokubali, mwaka 2018, kuachana na kipimo kingine, kile cha jumla cha usalama, kilichotumia panya na simbilisi hata pale ambapo hakikuwa na jipya la kuwafundisha wataalamu. Kuna vipimo tunavyoviendeleza kwa mazoea tu, na gharama yake analipa asiye na sauti.

Ulaya, sumu iliyobaki katika chanjo mpya ya kifaduro, ile isiyo na bakteria mzima, sasa hutafutwa kwa seli zilizooteshwa maabara. Chanjo hiyo siyo tunayochoma Likasi. Ya kwetu bado ni ya bakteria mzima, na natamani wataalamu waipatie nayo kipimo cha namna hiyo, mradi kiwe kikali kama mzani wa panya.