Seamróg: Neno na Sarufi Yake

Katika somo la isimu linganishi, neno moja la Kiayalandi limeniteka: seamróg. Ni jina la mmea mdogo wa jamii ya mikunde, wenye vijani vitatu vitatu, ambao watu wa Ayalandi huuvaa kifuani kila tarehe 17 Machi, sikukuu ya Mtakatifu Patrick.

Umbo lake lachanganulika kwa urahisi. Shina ni seamair, jina la mmea wa aina hiyo. Kiambishi tamati -óg huleta dhana ya udogo. Sisi huweka udogo mwanzoni, mti ukawa kijiti; wao huuweka mwishoni. Tena, kama kijiti kinavyodai upatanisho wa ngeli ya KI-VI, nomino hii ya jinsia ya kike nayo hudai upatanisho wake. Ikitanguliwa na kibainishi an, husemwa an tseamróg, t ikiimeza s. Katika hali milikishi, s hurejea: na seamróige. Kivumishi beag, yaani ‘dogo’, hugeuka pia: seamróg bheag, bh ikitamkwa kama v.

Neno hili lilipoingia katika Kiingereza katika karne ya 16, likawa shamrock. Udogo ukapotea, jinsia ikapotea. Hilo si ajabu. Hata safari yetu ilihamia Kiingereza ikamwacha nyuma nduguye, kusafiri.

Linalonikera ni jingine. Njaa Kuu ya miaka ya 1845 hadi 1852 iliua watu wapatao milioni moja na kuwahamisha wengine wengi, na maeneo ya wasemaji wa Kiayalandi yaliumia mno. Katiba ya 1937 ilikitangaza kuwa lugha rasmi ya kwanza, lakini wananchi wengi huzungumza Kiingereza nyumbani. Jani limebaki kifuani mwa wengi; sarufi yake imebaki vinywani mwa wachache.

Nyanya yangu huyataja magugu ya shamba letu moja moja, kwa lugha yetu ya kwanza. Nimeanza kuyaandika, kila jina pamoja na wingi wake, udogo wake na kivumishi kinachoandamana nalo. Nawasihi wanachama wenzangu wafanye vivyo hivyo likizoni. Mwacha asili ni mtumwa, na asili ya neno haimo katika sauti zake pekee. Jina lililonyang’anywa sarufi yake ni pambo tu.