Uji wa Chumvi

Kijana mmoja wa Mbwara, katika nchi ya Rufiji, alikwenda Edinburgh, mji wa Uskoti, kusoma katika chuo kikuu kile alichosoma Julius Nyerere tangu mwaka 1949 hata 1952. Jumamosi moja hapakuwa na masomo, na bibi mwenye nyumba akamwalika chakula cha asubuhi.

Bibi akapika uji wa oti, nafaka ya nchi za baridi, istahimiliyo mvua kuliko ngano. Akaukoroga kwa kijiti cha mti, mfano wa mwiko mwembamba. Kijana alipouona alifurahi, akidhani ni kama uji wa mama yake. Akatia kijiko kinywani. Kumbe, una chumvi, wala hauna sukari hata chembe! Akakunja uso. Bibi akaona, akanyamaza. Kijana akatahayari, akaumaliza wote.

Jioni akaomba ruhusa apike yeye. Akasonga ugali wa mahindi, akaupakua pamoja na samaki wa nazi. Bibi akamega tonge, akatafuna, akauliza kwa upole, "Mwanangu, mbona umesahau chumvi?"

Kijana akacheka, akasema, "Kwetu ugali hautiwi chumvi, bibi. Chumvi i katika kitoweo." Bibi naye akacheka hata machozi yakamtoka, akachovya tonge la pili katika mchuzi.

Tangu siku ile kijana hakukunja uso tena mbele ya chakula cha mwenyeji, maana alijua ya kuwa kila mtu ni mgeni penye chungu cha mwenzake.