Fufu, ini na kipande cha samaki



Baada ya kikao cha likelemba, mama mmoja aliniuliza: kama mihogo ina sumu, mbona tumekula fufu tangu utoto na hatukufa? Niliahidi kumjibu hapa. Nilifanya kazi ya uuguzi miaka mingi, lakini si uuguzi ulionifundisha jibu lake vizuri, ni binti wa wifi yangu, anayetembea kwa fimbo mbili.

Hatukufa kwa sababu mwili unaitoa. Muhogo mchungu una kitu kinachozaa sianidi. Kisipoondolewa kwa maji na jua, kinafika tumboni, sianidi inaingia katika damu, na ini linaanza kazi. Linaifunga sianidi pamoja na chembe ya salfa, inageuka kitu kingine kisicho kikali vile, kisha figo zinakitoa kwa mkojo. Ndiyo njia ya dawa nyingi na sumu nyingi: ini linazigeuza kwanza, halafu zinatoka nje kwa mkojo au kwa choo.

Lakini salfa hiyo haizaliwi ndani yetu. Inatoka katika samaki, ndagala, nyama, mayai, maziwa. Maharagi pia yanasaidia, ingawa si sana. Muhogo wenyewe hauna karibu kitu. Mwenye kula fufu iliyotengenezwa vizuri, pamoja na ndagala, anaweza kufika miaka 80 bila kujua kwamba ini lake lilikuwa na kazi hiyo.

Binti yule alikuwa na miaka 9. Ilikuwa kiangazi. Familia ilikimbia vita, iliporudi ikakuta mbuzi hawapo na maharagi yamevunwa na wengine. Kilichobaki ardhini ni mihogo michungu. Hata mwizi huiacha, maana ina kazi nyingi. Wakailoweka usiku mmoja badala ya siku tatu au nne, njaa haikungoja. Majuma kadhaa walikula fufu hiyo na majani na chumvi tu. Siku moja mtoto alilala mzima, asubuhi miguu yote miwili imekazana kama miti. Hana homa, hana kidonda. Watu wakasema amerogwa, na bibi kizee wa jirani akanyooshewa kidole. Hilo bado linaniuma.

Ugonjwa huo unaitwa konzo. Neno ni la Wayaka wa kule Kwango, maana yake ni miguu iliyofungwa, na daktari Trolli aliandika habari zake mwaka 1938. Huko Msumbiji, mwaka 1981, wakati wa ukame, watu zaidi ya 1000 walishikwa. Kwetu Kivu ya Kusini madaktari waliuandika mwaka 2011. Hushika zaidi watoto waliokwisha kuacha ziwa na wanawake wa umri wa kuzaa. Hauendelei kuongezeka, lakini miguu hairudi kama zamani.

Niseme kidogo juu ya parasetamoli pia, kwa sababu ini ni lile lile. Sehemu ndogo ya dawa hiyo hugeuka sumu ndani ya ini, na ini huizima kwa kitu linachokitengeneza kwa salfa ile ile ya chakula. Mtoto aliyekonda, ambaye hajala siku tatu kwa ajili ya homa, akiba yake ni ndogo. Ndiyo maana kipimo kinafuata kilo zake, hakifuati kile alichopewa mtoto wa jirani. Isipite mara 4 kwa siku na usiku, na siropu mbili zenye parasetamoli zisipewe pamoja.

Mimi sipendi mafundisho yanayosema "lisheni watoto vizuri" kana kwamba samaki wanaanguka toka mbinguni. Hata hivyo, katika nyumba nyingi samaki mmoja yupo, naye anakwenda mzima kwenye sahani ya baba, watoto wanachovya mchuzi. Mchuzi hautoshi. Katika kiangazi, kama mihogo ni michungu, kipande kile kinahitajika zaidi kwa mtoto na kwa mama yake. Tulizungumze nyumbani kwa heshima, lakini tulizungumze.

Na kuna jambo lisilo na bei. Watafiti walilijaribu pamoja na wamama wa Popokabaka, kuanzia mwaka 2010. Unga wa mihogo ukiwa tayari, usiupike mara moja. Weka katika beseni, tia maji kidogo kidogo huku unakoroga mpaka ulowe wote. Utaona umeshuka kwanza, halafu unapanda tena. Utandaze juu ya mkeka, unene usipite sentimita 1. Uache saa 2 juani au saa 5 kivulini, sianidi itapanda na kwenda na hewa. Kisha songa fufu siku ile ile, maana unga uliolowa hauwekwi. Hii haichukui nafasi ya kuloweka mihogo siku zake, inaongeza tu. Sombe nayo itwangwe vizuri, ichemke muda mrefu.

Wifi yangu anafanya hivyo sasa kila asubuhi. Kitu kinachomsumbua ni kuku, na binti ndiye anayekaa kando ya mkeka na fimbo zake, akiwafukuza.