Kimya Kingi Kina Mshindo Mkuu

Wahenga walinena kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Methali hiyo niliikariri tangu shule ya msingi, lakini maana yake niliipatia shambani kwetu, na niliilipia kwa karo.

Nilikuwa kidato cha pili. Mimi na mwenzangu wa chama cha sayansi tulichagua swali ambalo wakulima wengi hujiuliza: je, samadi ya kuku yaweza kufanya kazi sawa na mbolea ya dukani, ile ya DAP? Tulipanda mahindi katika mikebe 12. Mikebe 6 tuliitia samadi, na 6 tukaitia DAP. Baada ya majuma 6 tulipima kwa rula. Mahindi ya samadi yalikuwa na urefu wa wastani wa sentimita 58, na yale ya DAP sentimita 63.

Tulitumia jaribio liitwalo jaribio la t. Lilibuniwa na William Sealy Gosset, aliyefanya kazi katika kiwanda cha pombe cha Guinness mjini Dublin. Mwaka wa 1908 alichapisha makala yake kwa jina la kupanga, "Student", yaani Mwanafunzi. Tulifurahi kweli kweli, tukaona huyu ni mwenzetu! Jaribio lake huuliza: je, tofauti hii ni kubwa kiasi cha kutoweza kuwa bahati tu? Hesabu yetu ilitoa 0.96, na kwa mimea 12 ilitakiwa ivuke 2.23. Haikuvuka. Basi tukaandika kwa herufi kubwa: SAMADI NA DAP NI SAWA.

Likizo ilipofika, nilimweleza mama kwa madaha. Akaniuliza, "Una hakika, mwanangu?" Nikamjibu, "Mama, hii ni sayansi." Akacheka, akasema, "Haya basi, si wewe ndiye msomi wa hii boma?" Msimu huo hakununua mbolea hata kilo moja. Tulizoea kuvuna magunia 9. Tulivuna 6.

Sitaki kudanganya: mvua pia ilikuwa haba, kwa hivyo siwezi kuapa kwamba kosa lote lilikuwa langu. Lakini muhula ulipofunguliwa, mimi nilibaki nyumbani majuma mawili nikingoja karo. Mama hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Niliporudi shuleni, mwalimu wetu wa hisabati aliniita akaniuliza nilikokuwa. Nilimsimulia yote. Hakucheka. Aliniuliza, "Ukipita njiani usiku bila taa, usione nyoka, je, utasema njia haina nyoka?"

"La, Mwalimu. Nitasema sikuona."

"Basi mimea 12 ndiyo giza lenyewe. Nyinyi hamkuona tofauti, mkaandika kwamba haipo."

Alichukua chaki akachora mstari ubaoni. Alinionyesha kwamba kwa vipimo vyetu, tukitaka uhakika wa asilimia 90, tofauti ya kweli ingeweza kuwa popote katika masafa mapana: pengine samadi inaishinda DAP kwa sentimita 4, pengine DAP inaishinda samadi kwa sentimita 14! Nilipigwa na butwaa. Tena akaniambia jambo la ajabu: kwa jaribio lile, anayetaka kusema "ni sawa" hana haja ya kujisumbua. Apime mimea michache tu, tena ovyo ovyo, naye hataona tofauti yoyote. Mvivu ndiye atakayeshinda!

Kumbe kuna njia nyingine kwa anayetaka kuthibitisha usawa. Kwanza, kabla ya kupanda hata mbegu moja, unaweka mpaka: ni tofauti gani ndogo ambayo mkulima hataijali? Pili, unageuza kesi. Badala ya kuanza kwa kudhani vitu viwili ni sawa, unaanza kwa kudhani si sawa, na ushahidi ndio ukutoe hapo. Unauliza maswali mawili: je, imethibitika kwamba kitu hiki hakizidiwi kupita mpaka? Na je, imethibitika kwamba hakizidi kupita mpaka? Yote mawili yakijibiwa ndiyo, hapo una haki ya kutamka "ni sawa".

Njia hiyo ya majaribio mawili ilielezwa na Donald Schuirmann mwaka wa 1987, na hutumiwa sana katika dawa. Kiwanda kikitaka kuuza dawa ya bei nafuu mahali pa ile ya kwanza, hakitoshi kusema "hatukuona tofauti". Kwa kawaida kiasi cha dawa kinachoingia katika damu hulinganishwa na cha dawa ya kwanza, na masafa yote ya uhakika wa asilimia 90 lazima yakae kati ya asilimia 80 na 125. Hebu fikiri, msomaji, kama wangeamua kama sisi!

Tulirudia kazi. Tuliweka mpaka wa sentimita 6, tukakusanya mikebe 80. Safari hii 40 ilipata DAP kamili, na 40 ikapata nusu DAP na nusu samadi. Mchanganyiko ulizidiwa kwa sentimita 1 tu. Masafa nayo yalitoka mchanganyiko kushinda kwa sentimita 2 hadi kushindwa kwa sentimita 4. Yote yalikaa ndani ya mpaka. Sasa tuliandika "ni sawa", lakini kwa herufi ndogo, na chini yake tukaandika mpaka wetu.

Nilimpelekea mama habari hizo nikiwa nimeinamisha kichwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na mara hii mmepima mangapi?"

"Themanini, mama."

"Na yalikuwa kwa mikebe ama kwa shamba?"

"Kwa mikebe."

Alinyamaza kidogo. "Sawa. Tutajaribu robo ya shamba kwanza."

Mama yangu hajawahi kusikia habari za Gosset wala Schuirmann. Lakini siku hiyo nilijua ni nani msomi wa hiyo boma.