Ubuyu wa Kilifi na machungwa ya Malindi

Ukiondoka Mombasa asubuhi na kushika barabara ya kaskazini, mwendo wa kilomita 60 hivi utakufikisha kwenye daraja la Kilifi. Kabla ya daraja hilo kukamilika mwaka 1991, wasafiri walikuwa wakivushwa kwa feri. Ng'ambo ya kusini, juu ya mkono wa bahari, yapo magofu ya Mnarani, na hapo mibuyu mikubwa imesimama kama wazee walioketi barazani. Mimi niliteremka kwenye matatu mjini Kilifi, kwani safari yangu ilikuwa ya kuufuata mti huo.

Mama mmoja aliyekuwa akiuza matunda kando ya barabara alinipa ubuyu mkavu nionje. Ni unga mweupe ulioshikana na kokwa, mkali kidogo ulimini.

"Huu ndio dawa yetu, mwanangu," akaniambia. "Mtoto akiendesha, au akiwa na homa na hataki kula, tunamkorogea ndani ya uji."

Nilimwuliza kuhusu yale mabuyu mekundu ambayo watoto huyapenda. Akacheka. "Hayo ni peremende tu. Yamepikwa kwa sukari na rangi."

Mama yule alisema kweli kuliko alivyojua. Ubuyu mkavu una vitamini C nyingi kuliko chungwa kwa uzani ule ule, aghalabu mara kadhaa. Lakini vitamini hiyo haivumilii moto, na kila unapochemsha, sehemu yake hupotea. Anayetaka faida yake na auloweke katika maji safi yaliyopoa, aukoroge, auchuje na kunywa. Kama ni uji, basi autie baada ya kuepua. Mwaka 2008 Jumuiya ya Ulaya iliruhusu ubuyu uuzwe huko kama chakula kipya, na leo unga huo hutiwa kwenye mikebe na kuuzwa kwa wanaotaka kuongeza afya. Kilifi huokotwa chini ya mti.

Kutoka hapo nilipanda matatu nyingine kuelekea Malindi. Barabara hupita kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, kisha Gede, penye magofu ya mji wa kale. Nyumba nyingi za upande huu zina mwarobaini uani. Asili ya mti huo ni Bara Hindi, nao umepewa jina hilo kwa kuwa husemekana hutibu maradhi arobaini. Abiria niliyekaa naye, mwanamke wa makamo, alinisimulia jinsi mjukuu wake alivyoshikwa na homa kali. Walimwogesha kwa maji ya majani ya mwarobaini na kumnywesha kwa siku mbili. Siku ya tatu mtoto akaanza kutetemeka na kupoteza fahamu. Hospitali ikakuta malaria imempanda kichwani.

"Alipona, Mungu ashukuriwe," akasema. "Lakini daktari alituambia, lau mngekawia hadi jioni..." Hakumaliza.

Maneno yake yalikuwa bado masikioni mwangu nilipofika Malindi na kusimama mbele ya nguzo ya Vasco da Gama. Wengi huja hapa kupiga picha. Mimi niliwakumbuka mabaharia wake. Tarehe 7 Januari 1499, msafara huo ulirejea Malindi kutoka Bara Hindi baada ya kukaa baharini karibu miezi mitatu bila matunda wala mboga. Fizi zao zilikuwa zimevimba hadi kufunika meno, miguu imefura, na watu wapatao 30 walikuwa wamekufa njiani. Siku hizi tunajua kwamba ugonjwa huo huletwa na ukosefu wa vitamini C. Nahodha alimtuma mtu pwani akalete machungwa, kwani wagonjwa waliyatamani sana. Machungwa yaliletwa, lakini wengi walikuwa wamekwisha dhoofu mno, wakafia papa hapa.

Hapo ndipo nilipoona mambo ya safari yangu yakikutana. Chakula chenye nguvu ya dawa hufanya kazi yake mapema, siku kwa siku, kabla mwili haujaanguka. Mtu mzima huhitaji miligramu 45 tu za vitamini C kwa siku, kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, na ubuyu kidogo hutosha. Ila malaria haingoji ubuyu wala mwarobaini. Mtoto akipata homa, apelekwe akapimwe siku hiyo hiyo. Na mafuta ya mwarobaini asinyweshwe mtoto mchanga kabisa, kwani huweza kumdhuru.

Limebaki jambo la mti wenyewe. Mwaka 2022 mibuyu kadhaa iling'olewa mashambani Kilifi na mizizi yake, ili isafirishwe hadi nchi ya Georgia kupamba bustani. Wenye mashamba waliiuza kwa kuwa walihitaji fedha, na wengine walitaka nafasi ya kulima. Novemba mwaka huo Rais William Ruto aliagiza Wizara ya Mazingira ichunguze jambo hilo. Siwalaumu wakulima hao, maana njaa haina subira. Lakini mbuyu unaweza kuishi zaidi ya miaka elfu, huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa, na maua yake hufunguka usiku yakingoja popo. Hauwezi kurudishwa kwa msimu mmoja.

Wazee wa Mijikenda walilijua hilo zamani. Katika makaya yao matakatifu kukata mti ovyo ni mwiko, na mwaka 2008 UNESCO iliyatia makaya kadhaa katika orodha ya urithi wa dunia.

Jioni nilirudi Kilifi, nikanunua kifuko cha ubuyu kwa yule mama. Waswahili husema mbuyu ulianza kama mchicha. Msomaji, ukiuona mche wake shambani mwako, uzungushie miiba mbuzi wasiule. Wajukuu wako ndio watakaookota.