Krisi Lodwar: Kama Mama Hajaketi, Bado Hatujaanza

  Kila Disemba mnaniuliza swali lile lile: fom ya Krisi ya familia hapa Lodwar ni gani? Na lazima mmoja aongeze utani wake: huko kwenu ni jua na mchanga, hata mti wa Krismasi mtautoa wapi?

Leo najibu. Nina fom tano, zote za hapa hapa, na nyingi hazihitaji doo. Lakini zina sharti moja, na hilo sharti ndilo lililonifanya niandike. Jambo lolote ambalo mama analihudumia tu bila kuwa ndani yake, hilo si la familia. Ni la wale wengine.

Picha zilinionyesha

Mimi kazi yangu ni simu. Juzi nikitafuta picha za zamani za kuweka hapa, nilipitia Krismasi tatu za nyumbani kwetu. Baba yuko kwenye picha nyingi, kwa sababu anafanya kazi ya usoja Nairobi na akirudi kila mtu anataka picha naye. Wadogo zangu wamejaa. Mbuzi ana picha nne, akiwa hai na akiwa kwa moto. Mama yuko kwenye mbili. Moja ni mgongo wake, ameinamia sufuria. Ya pili ni mkono wake tu, unaweka sahani ya chapati mbele ya wageni.

Na si ati hakuwepo. Yeye ndiye aliyekuwepo kuliko wote. Aliamka usiku kukanda unga, akaenda kanisani, akarudi jikoni, akapakulia wageni, akaosha vyombo, akapakulia wageni wengine. Jioni miguu imevimba.

Sasa fikiria hivi. Kutoka Nairobi hadi Lodwar ni karibu kilomita 700, na nauli ya Disemba mnaijua wenyewe. Baba anapata siku sita nyumbani, kisha harudi mpaka Aprili au Agosti. Mama anamngoja mwaka mzima. Nilimuuliza, “Mama, Krismasi iliyopita uliongea nini na baba?” Akacheka, akasema, “Nilimuuliza kama chumvi imetosha.”

Alisema kama mzaha. Mimi sikucheka sana. Siku sita, na maongezi ni chumvi. Tangu hapo nikisikia mtu anasema “mambo ya familia”, nauliza kwanza: mama atakuwa ameketi wapi?

1. Wanaume wapike, wote

Najua mtasema nini. “Mwanaume wa Turkana hapiki.” Kwani nani anapika kule kwa mifugo? Kijana akienda na adakar, wiki baada ya wiki akifuata nyasi na maji, kuna mama wa kumpakulia kila mahali? Anachinja, anachuna, anachoma, anachemsha chai yake mwenyewe. Halafu akivuka daraja la Turkwel kuingia mjini, mikono inasahau kazi. Maze, hiyo si mila. Hiyo ni kupenda kukaa.

Wazee wakiketi kwa akiriket, nyama ina mpangilio wake na heshima yake, na mimi sina neno hapo. Lakini chapati, wali na supu ya tarehe 25 Disemba havina mzee wa kuvitetea. Fom ni rahisi: baba na vijana wa kiume wachukue jiko kuanzia asubuhi hadi vyombo vya mwisho vioshwe. Si kuchoma nyama peke yake, kwa sababu kuchoma nyama huku mnapiga story ni raha, si kazi. Nasema kukanda, kukata vitunguu, kuchota maji, kusugua masufuria.

Chapati za kwanza zitatoka na umbo la ramani ya kaunti. Zitaliwa. Wadogo watacheka, baba atacheka, na hapo tayari mko pamoja. Kazi ya mama siku hiyo ni kuketi kivulini na kutoa maoni. Na aketi vizuri. Baba ana ekicholong yake anayoenda nayo kila mahali, na kila mtu anajua ni kiti cha nani. Kwetu kiti cha mama huwa ni jerikani iliyopinduliwa. Mtafutieni kiti kabla hamjatafuta spika ya muziki.

2. Mti wa mathenge

Wale wa utani wa mti, sikilizeni. Sisi tuna miti kushinda nyinyi. Mathenge, ile etirae, imejaa kila korongo na kila ua wa Lodwar. Ililetwa Kenya miaka mingi iliyopita ili kuzuia mchanga na kutoa kuni, sasa imekuwa mgeni aliyekataa kwenda. Kwa hivyo ukikata tawi moja hakuna atakayekulaumu. Angalieni tu miiba, ile kitu inatoboa hadi ndala.

Likate siku ya tarehe 23, lisimamishe kwa debe la mchanga, kisha lipambeni kwa vitu vya nyumbani: shanga zilizokatika, vifuniko vya soda, karatasi za peremende. Na hapa nyanya anaingia. Akina mama wa Turkana wanajua kusuka majani ya mkoma. Vikapu vyao vinauzwa mpaka Nairobi kwa watalii. Lakini tuliozaliwa mjini, wengi wetu hatuwezi kusuka hata mshipi. Mpe nyanya nafasi ya katikati, kila mtu achukue majani yaliyolowekwa, afundishwe kusuka nyota moja au kikapu kidogo cha kuning'iniza. Hata baba. Hasa baba.

Hii ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa chini, mdomo unafunguka. Mambo ambayo mtu hawezi kuyasema ana kwa ana, anayasema akisuka.

3. Kilima, jioni ya mkesha

Jioni ya tarehe 24 jua likianza kulegea, mwendeni kilimani pale penye sanamu ya Yesu aliyenyoosha mikono juu ya mji. Hata kama si Mkatoliki, hata kama huendi kanisa lolote, kile kilima ni cha kila mtu wa Lodwar. Ukiwa juu unauona Turkwel na mstari wake wa kijani, mabati yanayong'aa, na nyuma yake jangwa mpaka macho yachoke. Jua linazama karibu saa kumi na mbili na nusu, na upepo unaanza kuwa wa binadamu.

Pandeni polepole kwa mwendo wa yule mdogo na yule mzee. Bebeni maji. Kila mmoja aseme jambo moja zuri lililompata mwaka huu na jambo moja gumu. Msilete mahubiri, na mtu asikosolewe. Wale wa kanisa watashukia misa ya mkesha, wengine watarudi nyumbani.

Kama mnapenda historia, mchana wake pitieni nyumba aliyozuiliwa Mzee Jomo Kenyatta hapa mjini. Aliletwa Lodwar 1959 baada ya kifungo chake Lokitaung, akahamishiwa Maralal 1961. Watoto wengi wa Lodwar wanaijua kwa kitabu na hawajawahi kusimama mlangoni. Muulize babu kama anakumbuka miaka ile. Utashangaa.

4. Tarehe 26, ziwani

Hii inahitaji pesa kidogo, kwa hivyo changeni na majirani mkodi gari moja. Kalokol ni kama kilomita 60 kutoka Lodwar. Eliye Springs nayo haiko mbali zaidi, ila barabara yake ni mchanga, dereva awe anayeijua. Ziwa Turkana ndilo ziwa kubwa zaidi la jangwani duniani, na kuna familia hapa mjini ambazo watoto wamemaliza shule ya msingi bila kuliona. Sisi wenyewe!

Mkielekea Kalokol, simameni Namoratunga. Pale kando ya barabara kuna nguzo 19 za mawe meusi. Wazee wanasema walikuwa watu waliokuwa wakicheza ngoma, wakageuka mawe. Wataalamu wa mambo ya kale nao wanasema nguzo kama hizo ziliwekwa na wafugaji wa zamani, miaka kati ya 4,000 na 5,000 iliyopita, mahali pa kuzikia watu wao. Yaani wakati huo tayari kulikuwa na familia zenye mifugo zinazokutana hapa. Acheni watoto wachague hadithi wanayoipenda.

Ziwani nunueni tilapia kwa wavuvi wenyewe, wachomewe pale pale, msibebe sufuria hata moja kutoka nyumbani. Mkibeba jikoni, mama amebeba kazi. Na tafadhali, mamba si hadithi. Waulizeni wenyeji mahali pa kuingiza miguu, kwa sababu maji yamepanda sana miaka ya karibuni na ufuo uliouzoea si ule. Upepo ukivuma, kaeni nchi kavu.

5. Usiku bila bando

Mimi nakula kwa sababu mna bando, kwa hivyo mjue nikisema hivi sifanyi mchezo. Usiku mmoja, chagueni wenyewe ni upi, simu zote ziingie kwa kikapu kile mlichosuka. Tandikeni mkeka nje. Lodwar usiku haina taa nyingi, na nyota zinashuka mpaka karibu na paa. Hiyo anga watu wanalipa pesa kuja kuiona.

Chezeni ajua chini ya taa moja. Tegeaneni vitendawili kwa Kiturkana, na anayeshindwa aimbe. Nyanya asimulie ukame aliouona, maana wetu wa juzi, misimu mitano ya mvua iliyokosa kuanzia mwisho wa 2020, haukuwa wa kwanza. Mwambieni mama asimulie alivyokutana na baba. Sisi kwetu tulisikia hiyo story kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka 18. Baba alikuwa anaangalia chini kama mtoto wa shule.

Na kama hakuna mbuzi?

Kuna mtu anasoma hapa na kwao hakuna mbuzi mwaka huu. Ukame ulimaliza mifugo ya wengi na haijarudi. Rudia kusoma hizo fom. Kusuka, kilima, nyota, hadithi: hakuna hata moja inayohitaji damu ya mbuzi. Na wewe ambaye kwenu kuna nyama, unajua nyumba ya jirani ambayo moshi haujatoka. Usingoje waje kubisha. Tuma mtoto na sahani, au bora zaidi, waite waje waketi nanyi.

Wasee wa Kakuma wanajua hili kuliko sisi. Kambi ilifunguliwa 1992, Kalobeyei ikafuata 2016, na kuna vijana waliozaliwa pale ambao hawajawahi kuwa na Krismasi mahali pengine. Mgao wa chakula umepunguzwa, wengine wana mama tu bila baba, wengine hawana wote. Lakini usiku wa mkesha waumini wa Sudan Kusini wanatembea na ngoma, wanaimba, na kijana Mturkana, Mkongo na Mrundi wanaelewana kwa Kiswahili hiki hiki. Kama ulisoma na mtu wa kule, mpigie simu. Familia inaweza kuongeza kiti kimoja.

Neno kwa wanaorudi

Kaunti yetu ina tamasha la utamaduni linaloitwa Tobong'u Lore, maana yake rudi nyumbani. Jina zuri sana. Lakini kurudi si kushuka basi na mkoba, kulala mpaka saa nne, kuitisha chai, halafu jioni kupotelea baa na marafiki wa zamani mpaka siku ya nauli. Huyo amefika Lodwar tu, nyumbani bado.

Akina baba, najua wengi wenu hamtumii hii mitandao, ndiyo maana naandikia watoto wenu. Msomeeni baba hii akiwa njiani, mtandao ukishika pale Kainuk. Mwambie kuna unga unamngoja.

Sisi mwaka huu tumeshagawana kazi. Mdogo wangu wa kiume ana chapati, mimi nina masufuria, baba amekubali vitunguu kupitia simu, japo alinyamaza kwanza kidogo. Mama hajaamini bado. Amesema atakaa karibu na jiko, “just in case”. Tumemwambia kiti kitakuwa mbali kidogo, chini ya mti.

Nyinyi je? Mama yako hukaa saa ngapi siku ya Krisi? Mwaka huu nitumieni picha moja tu. Si ya mbuzi, si ya nguo mpya. Picha ya mama ameketi, sahani iko mikononi mwake, na ni mtu mwingine aliyempakulia. Zikifika nitaziweka hapa zote.